Kumfungua Lazaro



Katika kiangazi cha mwaka 2021 nilinunua kufuli katika soko la Kenya. Nasema juu ya Kenya yetu ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi. Mwuzaji aliniuliza kama ni la duka. Nikamjibu kwamba ni la nyumbani. Nilisema kweli, lakini sikumwambia yote. Kufuli lile lilikuwa la mlango wa chumba alimolala mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, baba wa watoto wanne, dereva wa malori ya njia ya Kasumbalesa.

Mimi ni mwalimu kwa mafunzo na katekista kwa wito. Wakati ule nilikuwa nimekwisha kufundisha watu wa ubatizo na wa kipaimara kwa zaidi ya miaka 20, na udhaifu wa binadamu nilikuwa nikiueleza ubaoni kila mwaka kwa chaki nyeupe. Mdogo wangu alianza kunywa kama wengi wanavyoanza, chupa moja baada ya kazi. Baadaye ikaja pombe kali ya vifuko, ile ambayo ndugu zetu wa Zambia waliiita tujilijili na ambayo serikali yao iliipiga marufuku mwaka 2012, kama vile Tanzania ilivyopiga marufuku viroba vyake mwaka 2017. Kifuko huingia katika mfuko wa shati, wala hakisikiki kinapofunguliwa. Dereva anayengoja mpakani siku tatu zamu ya lori lake ana muda mwingi, na shati lake lina mfuko. Mwishoni ikabaki lutuku, asubuhi, kabla ya chai.

Tulikaa kikao cha familia. Wazo lilikuwa langu: tufunge mlango siku tisa, tusali novena sebuleni, tumpe uji na maji dirishani, na siku ya kumi atoke akiwa mtu mpya. Kila mmoja alilikubali, kwa maana lilisemwa na katekista.

Siku ya kwanza alitetemeka na kutoka jasho. Siku ya pili alitapika, akashindwa kushika kikombe. Usiku wa kuamkia siku ya tatu alianza kuzungumza na watu ambao hawakuwamo, akawa anapangusa ukutani wadudu ambao sisi hatukuwaona. Upande wa pili wa mlango tuliongeza sauti ya sala, tukidhani kwamba pepo anatoka. Alfajiri akaanguka kwa degedege. Jirani yetu, mama mmoja muuguzi, aliposikia kishindo aliingia bila kupiga hodi, akanitazama, akasema mbele ya mke wangu na watoto: «Mwalimu, mnamwua.»

Nawaandikia jambo hili bila kulipamba, kwa sababu najua kwamba miongoni mwenu wamo ambao baba yao, au kaka yao, au wao wenyewe, wako karibu na mlango wa namna ile. Sikieni basi alilonieleza daktari siku ile. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka mingi hujipanga upya ili kuishi nayo. Pombe huupooza ubongo, na ubongo hujibu kwa kujikaza zaidi. Ukiiondoa ghafla, ule mkazo hubaki peke yake bila kitu cha kuuzuia. Ndiyo maana mtu hutetemeka, huona yasiyokuwapo, hupatwa na degedege, na hatari kubwa kwa kawaida huwa kati ya siku ya pili na ya nne. Wako wanaokufa. Wanahitaji dawa ya kutuliza ubongo, maji, na vitamini B1, ambayo pombe huwa imewamaliza. Novena haimkatazi mtu kwenda hospitali. Nilipaswa kulijua hilo kuliko wote waliokuwa sebuleni.

Na hapa kuna neno ambalo hunichoma hata leo. Ndani ya mji wetu kuna kituo cha wagonjwa wa akili cha watawa ambao wengi huwaita kwa Kifaransa Frères de la Charité, na kituo hicho kina jina la daktari Joseph Guislain. Alikuwa daktari wa mji wa Ghent, huko Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1797 na kufa mwaka 1860. Pamoja na padri Triest, mwanzilishi wa watawa hao, alipigania kwamba wagonjwa wa akili watunzwe kama wagonjwa, si kufungwa minyororo kama wahalifu. Nilikuwa nimepita mbele ya jina hilo mara nyingi. Karibu miaka 200 baada ya daktari huyo, katika mji unaolibeba jina lake, mimi nilikwenda sokoni kununua kufuli.

Mdogo wangu hakufa. Alitibiwa majuma sita. Nami ningeweza kuishia hapo na kuwaambia: msifunge watu, wapelekeni kwa daktari. Lakini kosa la kufuli lilikuwa la kwanza tu. La pili lilifanywa kwa furaha, na ndilo ninalotaka tulitafakari, kwa sababu parokia nzima ililifanya pamoja nami.

Aliporudi tulimfanyia sikukuu. Viti vya plastiki vilikodiwa, kuku wakachinjwa, wajomba wakaja kutoka Likasi. Na kwa kuwa hakuna mgeni anayeweza kuketi mbele ya meza isiyo na chupa, tuliweka bia kwa ajili ya wageni. Ndiyo, mmesoma vema. Katika karamu ya kumpongeza mtu kwa kuacha pombe, makasha mawili ya bia yalipangwa mlangoni pa nyumba yake, na yeye akapewa Fanta pamoja na watoto. Mjomba mmoja alimpiga begani akamwambia kwamba sasa amepona, kwa hiyo moja tu haiwezi kumdhuru. Alicheka kwa adabu. Mimi niliona uso wake, nikageuka kuongeza wali kwenye sahani yangu.

Jumapili ya tatu nilimwomba asimame baada ya komunyo atoe ushuhuda. Alikataa mara mbili. Nikamwambia kwamba anamnyima Mungu sifa yake, na neno hilo likamshinda. Alisimama mbele ya watu wapatao mia nane, sauti ikitetemeka, akasema kwamba pombe imekwisha katika maisha yake. Makofi, vigelegele, kwaya ikaanzisha wimbo wa shukrani. Kisha kila mtu akaenda kwake. Kuanzia hapo hakuweza kumwambia mtu yeyote katika parokia kwamba saa kumi jioni, kila siku, mdomo wake hukauka na miguu yake hutaka kwenda njia ileile. Angewezaje? Alikuwa amekwisha kutangazwa mzima.

Siku ya 41 alikunywa. Ilikuwa siku ya mshahara. Watoto walikuwa shuleni, mkewe sokoni, mimi darasani. Mnakumbuka mfano wa Bwana juu ya pepo mchafu aliyetolewa ndani ya mtu, akazunguka jangwani bila kupata pumziko, kisha akarudi akaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, lakini ni tupu. Naye akaenda kuwaita wenzake saba walio wabaya kuliko yeye. Kwa miaka mingi nilieleza mfano huo kuwa onyo kwa mwenye nyumba. Sasa huwa najiuliza majirani wake walikuwa wapi.

Kwa maana marafiki zake wa baa hawakumwacha. Walimpigia simu kila siku, walijua tarehe ya mshahara wake, walimwuliza habari za mtoto aliyekuwa na malaria. Nasema hili bila kebehi: katika jambo la kuja, kwa saa inayojulikana, mahali panapojulikana, walikuwa waaminifu kuliko sisi. Sisi tulimpa makofi ya dakika moja. Wao walikuwa wamemwekea kiti.

Alikunywa tena kwa mwaka mmoja na nusu. Alipoteza kazi ya lori. Mwanzoni mwa mwaka 2023 alirudi kwenye matibabu, safari hii kwa miguu yake mwenyewe, akatoka katika juma la Jumapili ya tano ya Kwaresima. Ulikuwa mwaka A wa liturujia, na wale wanaohudumu altareni wanajua Injili ya Jumapili hiyo: kufufuliwa kwa Lazaro. Nilikuwa nimeandaa mafundisho yangu kama kawaida, jiwe, kilio cha dada zake, sauti kuu. Lakini safari hii jicho langu lilikwama mahali ambapo sikuwahi kusimama. Lazaro anatoka kaburini akiwa hai, na bado amefungwa. Miguu na mikono imeviringishwa vitambaa, uso umefunikwa. Na Bwana, aliyeweza kumrudishia uhai, hakumfungua yeye mwenyewe. Kazi hiyo aliwaachia wale waliosimama pale. Kazi ya aibu kidogo, mkifikiri: kumkaribia mtu aliyekaa kaburini siku nne, kumshika, kuanza kufungua fundo moja baada ya jingine.

Safari hii hatukufanya sikukuu. Sikujua tufanye nini. Aliyejua alikuwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mzee wa mtaa wa Katuba, ambaye sikuwa namfahamu isipokuwa kwa kumwona Misa ya kwanza, benchi la nyuma kabisa. Alikuja siku ya pili, bila kuitwa, na baiskeli yake. Aliketi na mdogo wangu nje chini ya mwembe karibu saa mbili. Mimi nilipita mara tatu nikijifanya natafuta kitu, wala sikusikia shauri hata moja likitolewa. Alipoondoka nilimwuliza mdogo wangu walikuwa wakisema nini.

«Yaya, aliniambia mahali alipokuwa akificha chupa zake.» Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu miezi mingi. «Nami nikamwambia mahali pangu.»

Kumbe mzee yule alikuwa na miaka 11 bila kunywa. Parokiani hakuna aliyejua kwamba aliwahi kunywa, na hakuna aliyejua kwamba aliacha.

Sisi tuliosoma ualimu tuna jambo moja tunaloliona darasani, ingawa si kila mwalimu hulikubali. Mtoto aliyeelewa kugawanya jana humweleza mwenzake vizuri kuliko mwalimu aliyeelewa miaka 40 iliyopita. Mwalimu amesahau mahali alipokwama. Yule mtoto bado anapakumbuka. Anajua ni hatua gani inayodanganya, na humwambia mwenzake, kwa maneno ya watoto, hapo ndipo mimi nami nilikosea. Nimeliona hilo mara elfu, nikaliandika hata katika daftari za maandalizi ya masomo, lakini sikuwahi kulitoa nje ya darasa.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lina historia. Mwezi wa Mei mwaka 1935, mfanyabiashara mmoja Mmarekani, Bill Wilson, alikuwa amesimama katika ukumbi wa hoteli mjini Akron. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, na siku hiyo biashara yake ilikuwa imeharibika. Upande mmoja alisikia kelele za baa. Upande mwingine palikuwa na simu. Alipiga simu kwa mchungaji mmoja, na ombi lake lilikuwa la ajabu: hakutaka mtu wa kumsaidia, alitaka apatiwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alikuwa amegundua kwamba kila alipokwenda kumtembelea mlevi hospitalini, hata kama mlevi yule hakuacha, yeye mwenyewe alirudi nyumbani bila kunywa. Siku iliyofuata alikutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumsikiliza kwa robo saa. Wakazungumza kwa saa nyingi. Tarehe 10 Juni ya mwaka huo, siku ambayo daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha walevi wanaosaidiana bila kutaja majina, ambacho leo kimeenea duniani. Mkataka mfano ulio karibu, huko Zanzibar tangu mwaka 2009 waliokuwa waraibu wa heroini wamefungua nyumba za upataji nafuu, ambamo aliyetangulia huishi pamoja na aliyefika jana.

Katika historia hiyo kuna mtawa mmoja ambaye ningependa vikundi vyenu vimfahamu. Sista Ignatia Gavin alizaliwa Ireland, akalelewa Marekani, na kazi yake katika hospitali ya Mtakatifu Tomaso ya Akron ilikuwa kuandikisha wagonjwa. Wakati ule hospitali nyingi zilikataa kuwapokea walevi; waliambiwa kwamba huo si ugonjwa, ni tabia mbaya. Mwaka 1939, kwa kushirikiana na daktari yule Bob, alianza kuwaingiza. Walipomaliza matibabu, Sista alimpa kila mmoja beji ndogo ya Moyo Mtakatifu na kumwomba ahadi moja. Hakumwomba aahidi kwamba hatakunywa tena kamwe. Alimwomba kwamba, kabla ya kunywa tena, airudishe kwanza beji ile.

Fikirini hekima hiyo. Mtu aliyeahidi kutokunywa milele, akishindwa mara moja, ahadi imevunjika na mlango umefungwa. Lakini mtu aliyeahidi kurudisha beji ana njia ya kwenda, na mwishoni mwa njia kuna mtu anayemngoja. Mkono ukiingia mfukoni kutafuta pesa ya pombe, unakutana na kitu kinachosema kwamba kuna mahali pa kupita kwanza. Ushuhuda niliomlazimisha mdogo wangu kuutoa ulikuwa kinyume kabisa cha beji ile.

Kikundi chetu kilianza mwezi wa Mei mwaka 2023, katika chumba cha nyuma ya kanisa ambamo kwaya huweka ngoma zake. Hukutana Alhamisi saa kumi na moja jioni; Alhamisi, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za hatari, na mtu anahitaji kuziingia akiwa ameshiba maneno ya wenzake. Huwa saba, wakati mwingine wawili. Hakuna orodha ya majina. Hakuna anayemshauri mwenzake. Kila mmoja husimulia juma lake, na wengine husikiliza. Mzee wa Katuba huuliza maswali manne yaleyale, kwa vidole: je, ulikuwa na njaa? Ulikuwa na hasira? Ulikuwa peke yako? Ulikuwa umechoka? Karibu kila mara aliyetamani pombe katikati ya juma hugundua kwamba alikuwa katika mojawapo ya hali hizo, na nyingine huondoka kwa sahani ya bukari tu.

Baada ya miezi mitatu alikuja mama mmoja. Huketi karibu na mlango, na kwa majuma matano hakusema neno. Juu ya akina mama wanaokunywa mji wetu hausemi chochote. Mwanamume mlevi huchekwa, mwanamke mlevi hufichwa na ndugu zake, na kwa sababu hiyo huchelewa kupata msaada. Alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza alizungumza juu ya maswali manne, akasema kwamba kwake yeye jibu lilikuwa ndiyo kwa yote manne, kila siku, tangu kifo cha mumewe. Hakuna aliyejibu. Mzee alimmiminia chai.

Kazi yangu ni kufungua chumba na kuchemsha maji. Kufuli ni lile la soko la Kenya. Sikuwa na pesa ya kununua jingine. Kwa kuwa sikuwa mnywaji, sisemi ila nikiulizwa, na mimi sijaulizwa zaidi ya mara mbili. Mwalimu mwenzangu akisoma hapa atajua adhabu hiyo ni nzito kiasi gani.

Mtaniuliza: na sisi vijana, tusiokuwa walevi, tunaingia wapi? Kwa kweli, wengi wenu ndio mnaopanga sherehe. Jambo la kwanza ni meza. Katika ubatizo, katika matanga, hata katika sikukuu ya parokia ya kutafuta pesa za paa, asiyekunywa huhesabiwa kuwa mtoto au mgonjwa. Kikundi kimoja cha Kiro cha jirani kiliamua kwamba sherehe zake zitakuwa na chai ya tangawizi, maji ya matunda na munkoyo, vikiwekwa mbele, katika vyombo vizuri, kwa wote. Juu ya munkoyo nawapa onyo la mtu mzima: ule wa leo, mtamu, uliopikwa kwa unga wa mahindi na mizizi yake, ni kinywaji cha nyumbani, ukikaa siku mbili tatu unachachuka na kuwa na pombe ndani yake. Kwa mtu aliyetoka kituoni juzi, huo si munkoyo tena, ni mtego. Mwulizeni mama aliyeupika aliupika lini.

La pili, msiwatukane akina mama wanaopika lutuku. Najua vijana wenye bidii waliotaka kwenda kumwaga mapipa. Kabla ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa bure mwezi wa Septemba mwaka 2019, sisi walimu tuliishi kwa michango ya wazazi, na wazazi wengine waliipata michango hiyo kwa mahindi na mihogo iliyochemshwa usiku katika pipa. Mshahara wangu ulitoka kwa nani, kama siyo pia kwa walevi wa mtaa wetu, na labda kwa mdogo wangu? Yeye aliye safi katika jambo hili aende kumwaga pipa.

La tatu ndilo gumu, kwa sababu ni dogo. Chagueni siku na saa, mwende. Msiende kumhubiria, nendeni kucheza dama, kumsaidia kusukuma baiskeli, kumsindikiza siku ya mshahara kutoka kazini hadi mlangoni pa nyumba yake. Mkisema mtakuja saa kumi, mfike saa kumi. Kijana mmoja wa kwaya alimwahidi mdogo wangu kwamba watakwenda pamoja mazoezini kila Jumanne. Alikwenda mara mbili, kisha akapata mtihani, kisha akasahau. Simlaumu. Lakini nilimwona mdogo wangu Jumanne ya tatu, amevaa shati safi, ameketi kwenye kibao nje, anatazama njia.

Mwaka 2024 mama yetu alifariki. Matanga yalidumu siku nne; chupa zilikuwapo, sikuweza kuzizuia zote, kwa maana waombolezaji walikuja nazo. Usiku wa tatu mdogo wangu alitoweka. Alikunywa glasi mbili nyuma ya nyumba ya jirani, na baada ya glasi ya pili akampigia simu mzee wa Katuba. Si mimi, mimi nilikuwa mita thelathini kutoka pale, naongoza rozari. Mzee alikuja usiku ule kwa baiskeli, akaketi naye mpaka kulipokucha. Alhamisi iliyofuata mdogo wangu alifika chumbani kabla yangu. Nilidhani wangemwambia aanze kuhesabu upya. Mzee alimwuliza tu maswali yake manne, na walipofika kwenye upweke, wote katika chumba walimkumbuka mama yetu, hata wale ambao hawakumjua.

Nilimwuliza baadaye kwa nini hakuniita mimi. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayechagua neno lisiloumiza. «Yaya, wewe ungeamka uanze kusali,» akasema. «Yeye aliamka akatafuta viatu.»

Sasa ana kazi katika gereji moja ya Kampemba. Si udereva, huo aliuacha mwenyewe. Juma lililopita, siku ya Ijumaa, simu yangu ililia saa kumi na moja kasoro, nami nilikuwa nasahihisha madaftari.

«Yaya, wametulipa leo.»

Nilitafuta viatu. Nilimkuta amesimama kwenye lango la gereji, mkono mmoja mfukoni. Hatukupanda basi. Tulitembea mpaka kwake, saa nzima na zaidi, kwa sababu jua lilikuwa limepungua, tukazungumza juu ya bei ya mfuko wa unga na juu ya mtoto wake wa tatu, anayetaka kusoma ualimu.